Titi limevimba na kuwa jekundu ilhali hunyonyeshi, je, ni kansa? Jibu langu kwa dada aliyeuliza

Dada, pole sana. Kwa ufupi umeeleza hivi: titi la kulia limevimba upande mmoja, ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, hunyonyeshi, mtoto wa mwisho aliacha ziwa zamani, umemaliza dozi ya kwanza ya antibaiotiki ukabadilishiwa nyingine, na titi liko palepale. Sasa unataka kuandikiwa ya tatu. Wachangiaji wenzangu wamegawanyika, huyu anasema hiyo ni kansa, yule anasema kansa haiumi kwa hiyo lala usingizi. Mimi nimepita humo humo, kwa hiyo naomba univumilie, jibu langu ni refu.

Nianze na hilo la "kansa haiumi", maana ndilo linaloniudhi zaidi. Ni kweli uvimbe mwingi wa kansa ya titi mwanzoni hauna maumivu, mtu anaukuta tu akiwa anaoga. Lakini kutoka hapo kurukia kusema kwamba kila kinachouma si kansa, huo ni uzushi. Ipo kansa ya titi inayokuja na wekundu, joto, uzito na maumivu, na mara nyingi haina hata kigumu cha kushikika. Upande wa pili, yapo magonjwa ambayo si kansa hata kidogo lakini yanatengeneza uvimbe mgumu usiosogea, yanavuta chuchu ndani, yanavimbisha tezi za kwapani, mpaka daktari mzoefu anaangalia halafu ananyamaza. Langu lilikuwa hilo la pili. Maumivu hayakuambii uko upande gani. Macho nayo hayakuambii, wala zile picha unazotumiwa kwenye simu. Kinachosema ni kinyama kilichotolewa kwenye titi lenyewe kikatazamwa kwa darubini. Mengine yote, pamoja na haya ninayoandika, kazi yake ni kukufikisha hapo mapema.

Kwangu kilianza kigumu juu ya chuchu, kuelekea kwapani. Baada ya muda kikawa kinajaza kiganja, ngozi ya juu yake ikaiva, nikawa siwezi kulalia upande ule. Homa sikuwa nayo. Nilipewa antibaiotiki, na aliyenipa sina ugomvi naye hata leo, kwa sababu titi jekundu lenye joto mara nyingi ni maambukizi na dozi moja iliyokamilika ni mahali pa haki pa kuanzia. Tatizo huwa ni kinachofuata. Dozi ikiisha na titi halijapona, mtu anabadilishiwa dawa, kisha anabadilishiwa tena, anaambiwa "ya safari hii ni kali", na miezi inakatika bila mtu yeyote kuuliza kama hilo ni jipu kweli.

Hebu tuweke mambo mahali pake. Mama anayenyonyesha akipata titi jekundu, maelezo yapo wazi: maziwa yamekwama, chuchu imepasuka, bakteria wa ngozini wameingia, na mara nyingi ni Staphylococcus. Hapo homa inapanda, mwili unauma wote, na dawa ikiwa sahihi nafuu inaonekana ndani ya siku mbili tatu. Anaendelea kunyonyesha kama kawaida, maziwa hayamdhuru mtoto, na asilikande titi kwa nguvu kwa sababu kulikandamiza kunazidisha uvimbe. Nimepita hapo haraka kwa sababu si kesi yako. Ila mama anayenyonyesha akisoma hapa ajue jambo moja: kunyonyesha si kinga ya kutochunguzwa. Titi lisipopona kwa dawa, naye anafuata njia hii hii ninayokueleza.

Kwa mtu asiyenyonyesha, sababu ni nyingine. Kuna uvimbe wa mirija iliyo nyuma ya chuchu, ambao unawapata sana wanaovuta sigara, na una tabia ya kurudi rudi na kutoboka pembeni ya chuchu. Kisukari kisichodhibitiwa nacho kinafanya maambukizi yasikauke. Kuna mafuta ya titi kufa baada ya kugongwa au baada ya upasuaji, yanaacha kigumu kinachotisha. Kuna kifua kikuu cha titi, ndiyo, kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye titi bila mtu kukohoa hata mara moja. Kuna huu wangu, uvimbe wa granuloma, ambao nitaurudia. Halafu ndiyo kuna kansa. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba kwa mengi kati ya hayo, kubadilisha antibaiotiki pekee hakutafika popote.

Sasa hiyo kansa yenyewe, maana ndiyo iliyokukosesha usingizi. Madaktari wanaiita kansa ya titi ya inflamatori. Si ya kawaida. Ni kama asilimia 1 hadi 5 ya kansa zote za titi. Wekundu wake hautokani na vijidudu. Chembe za kansa zinaziba mishipa midogo ya limfu iliyo kwenye ngozi, maji yanakosa pa kupita, ngozi inajaa na kuwa nzito, vitundu vya vinyweleo vinazama, na juu panaonekana kama ganda la chungwa. Wekundu kwa kawaida unachukua theluthi moja ya titi au zaidi. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu wa kwenye picha za vitabuni. Unaweza kuona zambarau, hudhurungi iliyokolea, au weusi uliozidi tu kuliko titi la pili. Angalia jingine hili: ukivua sidiria, mstari wa mshono unabaki umezama kwenye ngozi ya titi lile kwa muda mrefu, wakati upande wa pili umeshapotea. Hiyo ni dalili ya maji kwenye ngozi. Haisemi ni kansa, inasema ngozi imevimba na inataka maelezo.

Kinachoitofautisha zaidi ni mwendo wake. Inakuja kwa wiki au miezi michache, si zaidi ya sita. Titi linakuwa kubwa kuliko mwenzake ghafla, linakuwa zito, linawasha au kuuma, chuchu inaweza kuingia ndani, tezi za kwapani zinaweza kuvimba. Homa kwa kawaida hakuna. Na mamogramu, yaani eksirei ya titi, inaweza isionyeshe uvimbe wowote, ikaonyesha ngozi nene tu. Inapogunduliwa huwa tayari iko hatua ya tatu au ya nne, kwa sababu kwa asili yake imeshaingia ngozini. Naandika hivyo si kukutisha. Naandika ili uone kwa nini dozi ya tatu, ya nne na ya tano si jambo la kuchekea. Ina matibabu, na matibabu yana mpangilio wake: dawa za kemo kwanza, upasuaji baadaye, kisha mionzi, na kinyama kinapimwa pia kama kina vipokezi vya homoni na protini iitwayo HER2 ili kujua dawa gani za kuongeza. Mtu akikimbilia kukata kwanza, ameuvuruga mpangilio huo.

Mama mmoja nilikuwa nakaa naye foleni kliniki. Ukituweka sisi wawili bila nguo, usingejua nani ana nini. Langu, kusema kweli, ndilo lilikuwa linatisha zaidi, lilikuwa limeshatoboka na linatoa usaha. Lake lilikuwa jekundu tu, limejaa, safi, na alikuwa analalamika uzito kuliko maumivu. Majibu yalipotoka, mwenye kansa alikuwa yeye. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nikiliona tu najua", mshukuru halafu uende ukapimwe.

Kipimo cha kwanza mara nyingi ni altrasaundi, hasa kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 40, kwa sababu nyama ya titi lake imeshikana na mamogramu haioni vizuri ndani yake. Altrasaundi itasema kama kuna mkusanyiko wa usaha, kama uvimbe ni nyama tupu au una majimaji, na tezi za kwapani zikoje. Mamogramu itafuata, na kwenye titi lililovimba inauma, nisikudanganye. Waambie wapige polepole, na ukipata dawa ya maumivu kabla, itumie. Ripoti itakuja na herufi za BI-RADS na namba, yaani kipimo cha jinsi picha inavyotia shaka ya kansa. Yangu ilikuwa 4, na usiku ule nilijifungia nikilia. Laiti mtu angenieleza kuwa 4 ni kundi pana mno, kuanzia uwezekano unaozidi asilimia 2 wa kansa hadi chini kidogo ya asilimia 95. Maana yake halisi ni moja tu: chukua kinyama. 5 ndiyo inayosema uwezekano ni asilimia 95 au zaidi, na hata hapo bado kinyama ndicho kinachohukumu, kwa sababu ugonjwa wangu unajulikana kwa kujifanya kansa hata kwenye picha.

Kuna watu watakushauri upime damu ya "alama za kansa", ile CA 15-3 na ndugu zake. Okoa hela yako. Kipimo hicho hakitumiki kugundua kansa ya titi. Kinaweza kuwa juu huna kansa, kikawa chini unayo. Damu ya kupimwa ni ya sukari, ya virusi vya Ukimwi, na ya homoni ya prolaktini kama chuchu inatoa maziwa bila sababu au daktari ana shaka nayo. Hizo zina maana kwa tatizo lako.

Tuje kwenye kinyama chenyewe, maana hofu yake nimeisoma kwenye maneno yako. Unalala chali, mkono juu ya kichwa. Daktari anapaka dawa ya baridi, anachoma sindano ya ganzi, na hiyo ndiyo inayouma, inaunguza kidogo halafu inapoa. Anafanya tundu dogo kwenye ngozi, anaingiza sindano nene huku anatazama kioo cha altrasaundi. Kabla ya kufyatua alikuwa ananiambia, "Mama, utasikia mlio, usiruke." Tak! Nikaruka. Anarudia mara kadhaa, kila mara anatoa kijinyama chembamba cheupe anakitumbukiza kwenye kichupa cha fomalini. Nilivitazama vikielea mle. Kisha nesi anakandamiza kwa kiganja chake muda mrefu, anabandika plasta, unavaa unaondoka. Titi linabaki na michubuko inayogeuka njano kisha inaisha.

Hakikisha ni sindano nene inayotoa kinyama, si ile nyembamba inayovuta majimaji tu. Nyembamba inatoa chembe zilizotawanyika, na kwenye ugonjwa wa namna hii chembe za uvimbe zinaweza kumchanganya msomaji. Kinyama kizima kinaonyesha mpangilio. Na kama daktari anashuku ile kansa ya inflamatori, uliza kama watachukua na kipande kidogo cha ngozi yenyewe pale palipo pekundu zaidi. Ni kipande kidogo sana, kwa kifaa cha duara, kwa ganzi. Usaha ukiwepo, usimwagwe. Uvutwe kwa sindano, sehemu iende kuoteshwa vijidudu vya kawaida na sehemu ipimwe kifua kikuu. Hilo la kifua kikuu lisemwe kwa mdomo, kwa sababu kipimo chake ni tofauti na uoteshaji wa kawaida, na usipoombwa haufanyiki.

Lile la "ukichokoza kwa sindano kansa inasambaa" limewachelewesha wengi. Kinachosambaza kansa ni muda. Hakuna daktari wa kansa atakayekupangia kemo wala upasuaji kwa kubahatisha bila majibu ya kinyama, kwa hiyo kukikwepa ni kuahirisha matibabu tu.

Majibu yangu yaliandikwa kwamba kuna granuloma, yaani mikusanyiko ya chembe za kinga zilizojipanga kwenye vijumba vinavyotengeneza maziwa, na hakuna chembe za kansa. Ni ugonjwa uliotajwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Unawapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, wengi wao ndani ya miaka michache baada ya ujauzito au kunyonyesha, na chanzo chake hakijulikani kwa uhakika. Kwa baadhi ya wagonjwa wanakuta bakteria wa jamii ya Corynebacterium, wagumu kuotesha maabara, kwa hiyo inafaa maabara iambiwe wawatafute na waache sahani za kuoteshea muda mrefu kuliko kawaida. Mwili wa mgonjwa unapigana na titi lake mwenyewe, ndivyo nilivyoelezwa. Kuna wakati nilitokwa na vinundu vyekundu vyenye maumivu kwenye miundi ya miguu, magoti yakakakamaa, nikadhani ni ugonjwa mwingine kabisa. Ni ule ule. Kama na wewe una vinundu miguuni, mtajie daktari, wengi hawaulizi miguu mtu akija na titi.

Hapo katikati kuna shimo moja ambalo nataka ulione kabla hujalikanyaga. Granuloma hazimaanishi moja kwa moja ugonjwa wangu. Kifua kikuu pia kinatengeneza granuloma. Tiba ya wangu ni steroidi zinazoshusha kinga. Ukimpa mwenye kifua kikuu steroidi bila dawa za kifua kikuu, umekifungulia mlango. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, uliza: kifua kikuu kimepimwa kwenye usaha au kinyama? Picha ya kifua imepigwa? Mimi daktari wangu aligoma kuandika chochote mpaka majibu hayo yawe mezani. Nilinung'unika. Leo namwombea heri.

Na kuna shimo la upande wa pili, lisilosemwa sana. Kinyama kikirudi kimeandikwa "uvimbe tu, hakuna kansa", na titi linaendelea kuwa kubwa, wekundu unapanda, ngozi imekuwa nene, karatasi hiyo isikufunge mdomo. Sindano inaweza kupita pembeni ya palipo na ugonjwa. Majibu ya darubini, ya picha na ya mkono wa daktari yanatakiwa yasimulie hadithi moja. Yakipingana, kinyama kinarudiwa, safari hii pamoja na ngozi, au inaombwa MRI ionyeshe pa kuchoma. Vilevile una haki ya kuomba vile vioo vya darubini na vile vipande vya nta vilivyohifadhi kinyama chako vipelekwe kwa mtaalamu mwingine wa patholojia avisome upya. Kwa kawaida havitupwi mara moja, vinatunzwa maabara. Watu wengi hawajui kwamba vinaombwa.

Kuhusu matibabu ya huu wa granuloma nitasema ya kwangu, yako yataamuliwa na anayekuona. Kuna wanaoachwa bila dawa kali wakafuatiliwa tu, kwa sababu ugonjwa huu kwa wengi unajizima wenyewe, ila unachukua miezi mingi, mara nyingine mwaka na zaidi. Kuna steroidi za vidonge, za kuchoma ndani ya uvimbe, au za kupaka. Kuna methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, kwa ambao steroidi zimewashinda au ugonjwa umerudi. Mimi nilianza prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge. Uvimbe ulishuka nikashangilia, kisha nikaanza kulipa: uso ulijaa, nilikuwa nakula usiku wa manane, usingizi ukapotea, na kwa wenye kisukari sukari inapanda. Prednisoloni haiachwi ghafla hata ukijisikia umepona. Inashushwa kidogo kidogo kwa ratiba, la sivyo mwili unakuangusha. Ilipopunguzwa, kigumu kikarudi pembeni ya pale pa mwanzo. Ndipo nikaongezewa methotreksati, ambayo inamezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, si kwa siku, pamoja na foliki asidi na kupima damu na ini mara kwa mara. Hairuhusiwi kabisa kwa mjamzito wala anayepanga kupata mimba karibuni, kwa hiyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yanafanyika kabla.

Upasuaji? Jipu lililokomaa litatolewa usaha, sawa, na sindano chini ya altrasaundi mara nyingi inatosha, hata ikirudiwa. Lakini kukata eneo lote kwa nia ya "kuling'oa" wakati limewaka, mimi ningekuwa mzito. Vidonda vya ugonjwa huu vinachelewa kufunga na ugonjwa unaweza kutokeza pembeni. Tundu langu moja lilikaa wazi likitoa majimaji muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa sitoki bila shashi safi kwenye mkoba na blauzi ya akiba. Harufu ile inakuvunja moyo kuliko maumivu. Nilichojifunza kwa nesi wa vidonda: maji ya chumvi safi ya hospitali ya kuoshea, shashi isiyonata juu ya kidonda, ile ya kunyonya juu yake, sidiria laini isiyo na waya saizi moja zaidi, na kubadilisha pale inapolowa, si kwa saa ya ukutani. Usiweke majani, dawa ya meno, wala unga wa vidonge vya antibaiotiki. Usiminye. Na usichome kwa maji ya moto, ngozi ile inaweza kuungua kabla hujajua.

Mengine ya kukusaidia wiki hii. Chukua kalamu, chora mpaka wa wekundu ulipo leo, piga picha kwa mwanga wa dirishani, rudia baada ya siku kadhaa. Daktari akiona mpaka umehama, anaacha kubishana na maneno. Andika majina ya antibaiotiki ulizotumia na siku ulizomeza, usiseme "vidonge vyekundu". Mweleze kama unavuta sigara, kama umewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu, lini ulinyonyesha mwisho, na kama kwenu kuna mama, dada au shangazi aliyeugua titi au kizazi. Ukipata homa kali yenye kutetemeka, au wekundu ukakimbia kwa saa chache, hiyo si ya kusubiri miadi, nenda dharura. Na kama tatizo lingekuwa ukurutu kwenye chuchu moja tu, unaobanduka na kurudi bila kupona kwa mafuta, nao unataka kinyama, kwa sababu kuna kansa inayoanzia pale ikajifanya ugonjwa wa ngozi.

Mume wako aliyeandika chini kwamba anahofia kuambukizwa, mwambie atulie. Kansa haiambukizi na granuloma haziambukizi. Kama ni kifua kikuu, kinachoangaliwa ni kama kipo na mapafuni, na hilo picha ya kifua na makohozi yatasema.

Uliuliza pia kama ugonjwa kama wangu unageuka kansa baadaye. Hakuna ushahidi kwamba unageuka, lakini haukuondoi kwenye foleni ya wanawake wengine. Mimi naendelea kupimwa kama kawaida, na kwa sababu titi langu limebaki na makovu na kamkunjo, nabeba picha za zamani kila ninapokwenda, ili msomaji alinganishe na asianze upya na BI-RADS 4 yangu. Ugonjwa wenyewe umetulia, ingawa unajulikana kwa kurudi, na kuna wanaorudiwa upande wa pili.

Kuhusu hiyo dozi ya tatu: kama daktari ana jibu la uoteshaji linaloonyesha bakteria fulani na dawa inayomuua, imeze. Kama hana, na anabadilisha kwa kubahatisha, mwombe rufaa ya altrasaundi na kinyama siku hiyo hiyo, kwa adabu, lakini usiinuke kwenye kiti kabla hajaandika. Kliniki ya matiti au daktari bingwa wa upasuaji ndiye wa kumwona. Majibu yakitoka, yanakili hapa kama yalivyoandikwa kwenye ripoti, neno kwa neno, si kama ulivyosimuliwa mlangoni. Futa jina lako na namba ya faili kwanza. Kuna wauguzi na mtu wa maabara humu, tutayasoma pamoja nawe.